Mtumishi wa umma anapouliza "Babu yako alizaliwa wapi?"

Mkazi wa Kibondo, Kasulu au Buhigwe anayefuata kitambulisho cha taifa au pasipoti hulisubiri swali hili kabla hajalisikia. Mkoa wa Kigoma umepakana na Burundi, Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yanafanana, na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta ziliwekwa humu humu mkoani. Kuuliza, basi, si kosa. Uhamiaji wana mamlaka ya kisheria ya kuchunguza uraia, na afisa anayepitisha fomu bila kuhoji lolote hajafanya kazi yake.

Tatizo ni pale uamuzi unapotangulia swali. Mtu anatazamwa sura, anasikilizwa lafudhi, kisha anaambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka nauli inamwishia. Hajakataliwa rasmi, kwa hiyo hana cha kukatia rufaa. Kwa maoni yangu huku kuzungushwa ni kubaya kuliko kukataliwa waziwazi.

Ibara ya 13(4) ya Katiba inapiga marufuku mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria, na ibara ndogo ya (5) inataja kabila na pahala mtu alipotoka miongoni mwa misingi ya ubaguzi huo. Ibara ya 13(6)(a) inakwenda mbali zaidi: haki ya mtu inapoamuliwa na "mahakama au chombo kinginecho", lazima apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na njia ya kukata rufaa. Kwa hiyo wajibu huu hauishii kwa hakimu. Unamfikia pia afisa wa wilaya anayeamua kama ombi lako lipite au likwame. Mtendaji wa kijiji anayekataa kukuandikia barua ya utambulisho naye asijifiche nyuma ya "maelekezo ya juu", kwa sababu anatumia madaraka ya nchi, si ya kwake.

Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua kesi ya Anudo Ochieng Anudo, aliyenyang'anywa uraia na kufukuzwa nchini. Ilisema kwamba mtu akiwa na nyaraka zilizotolewa na serikali yenyewe, anayepinga uraia wake ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Afisa anayetupa kando cheti cha kuzaliwa kwa kukitazama tu angefaa kuisoma hukumu hiyo.

Ukikwama, omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Usipopewa, andika mwenyewe tarehe, ofisi uliyokwenda na maneno uliyoambiwa. Kisha nenda ngazi ya juu ya ofisi hiyo hiyo, au peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume haitozi ada, lakini haichunguzi shauri ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo chagua njia mapema. Mahakama Kuu ipo pia, chini ya Ibara ya 30(3), ila kwa kawaida hutaka kuona kwanza umetumia njia nyingine zilizokuwepo. Hapo ndipo yale maandishi yako yatakapohitajika.