Kompyuta imekataa kufungua tovuti: misingi ya mtandao kuanzia kwenye waya

Anayeanza somo la mitandao hukutana kwanza na majina: LAN (mtandao wa jengo), MAN (wa mji) na WAN (wa eneo pana), kisha maumbo ya basi, pete, nyota na utando. Yakariri, maana mtihani utayauliza, ila usidhani ukishayajua umeujua mtandao. Mitandao ya ndani ya leo inayotumia kebo karibu yote ni ya nyota: kila kompyuta ina kebo yake inayokwenda kwenye swichi, kifaa kinachoziunganisha zote, na kebo moja ikikatika, inayokosa mawasiliano ni kompyuta hiyo peke yake. Umbo la basi, lenye kebo moja inayopita nyuma ya mashine zote, liliachwa kwa sababu kiungo kimoja kikilegea chumba kizima kilinyamaza.

Kilicho muhimu zaidi ni mfuatano. Kompyuta haifungui tovuti kwa tendo moja. Kuna waya, kuna swichi, kuna anwani, kuna ruta (kifaa kinachounganisha mtandao wako na mingine), kuna jina la tovuti, na kila hatua imeegemea ile iliyo chini yake. Modeli ya OSI, iliyochapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984, inazigawa hatua hizo katika tabaka saba. Modeli ya TCP/IP, ambayo ndiyo intaneti inayoitumia, kwa kawaida huelezwa kwa tabaka nne. Idadi isikusumbue. Mtu anapolalamika kwamba "hakuna mtandao", swali la kumuuliza ni moja: umekwama wapi?

Anza na waya

Kebo ya kawaida ya Ethernet, mfumo unaotumika kwenye mitandao ya ndani ya waya, ina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kusokotwa huko si urembo. Katika kila jozi, waya mmoja hubeba mawimbi na mwenzake hubeba mawimbi yaleyale yakiwa yamepinduliwa, na kifaa cha upande wa pili husoma tofauti kati yao. Kelele za umeme kutoka nje, kwa mfano za taa au mota, huzigusa nyaya zote mbili kwa kiasi karibu sawa, hivyo tofauti inapotafutwa kelele hizo hujifuta. Ukiifumua jozi kwa urefu mkubwa, kinga hiyo inapotea.

Kufunga plagi ya RJ45, ile ya plastiki kwenye ncha ya kebo, menya ganda la nje kama sentimita 3 bila kuzikwaruza nyaya za ndani. Fumua jozi, zinyooshe, kisha zipange kwa utaratibu wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate ncha kwa mstari mmoja ili zibaki kama milimita 13. Shika plagi ulimi wake ukiwa chini na tundu la kuingizia nyaya likiwa upande wako; pini ya kwanza iko kushoto. Sukuma mpaka uone shaba ikigusa ukuta wa mbele wa plagi, na uhakikishe ganda la nje nalo limeingia ndani, kwa sababu kibanio cha plagi kinatakiwa kulishika ganda. Kikizishika nyaya tupu, kebo ikivutwa mara mbili tatu zinachomoka. Baada ya hapo bana kwa koleo la kukrimpi na upime kwa kipima kebo.

Kuna kosa moja ambalo kipima cha bei rahisi hakilioni. Mwanafunzi anaona ni busara kuziweka jozi zikifuatana: chungwa zote mbili, kijani zote mbili, bluu zote mbili, kahawia zote mbili, na anafanya hivyo ncha zote mbili. Taa za kipima zinawaka moja hadi nane bila kuruka, naye anaridhika. Lakini kwa kadi ya mtandao, pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja. Katika mpangilio wake, pini ya 3 ina nyeupe-kijani na ya 6 ina bluu, nyaya ambazo hazikusokotwa pamoja hata sentimita moja. Kebo ya mita mbili huenda ikafanya kazi. Ya mita arobaini itapoteza data ovyo, na fundi atabadilisha swichi, kadi, hata kompyuta, kabla ya kuitazama ncha ya kebo.

Urefu nao una mpaka wake: mita 100 kati ya kifaa na kifaa, ambazo kwa kawaida hugawanywa kuwa mita 90 za kebo iliyotulia ukutani na mita 10 za vipande vya kuunganishia. Kumbuka pia kwamba kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, pini za 1, 2, 3 na 6, wakati gigabiti moja inazitaka jozi zote nne. Waya wa kahawia ukiwa haujashika, vifaa vingi hushuka hadi megabiti 100 kimyakimya. Mtandao upo, lakini faili zinakawia.

Kuhusu kukawia, usichanganye biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 halitapita kwenye kebo hiyo kwa chini ya sekunde 48, na kwa kweli litachukua zaidi, kwa kuwa kila pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri, hubeba anwani na taarifa nyingine juu ya data yenyewe. Pakiti ya kawaida kwenye Ethernet haizidi baiti 1,500. Picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa imekatwa vipande zaidi ya 2,000.

Swichi inajuaje pa kupeleka?

Kila kadi ya mtandao ina anwani ya MAC yenye biti 48, inayoandikwa kwa tarakimu 12 za heksadesimali. Katika anwani iliyotoka kiwandani, sita za mwanzo hutambulisha mtengenezaji. Swichi haizaliwi ikizijua anwani hizi. Fremu (kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo) inapoingia kwenye poti, yaani tundu, ya 4, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake kwamba mashine hiyo iko poti ya 4. Fremu ya kwenda kwa mashine ambayo bado haijulikani hutumwa kwenye poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Mashine hiyo ikijibu tu, jedwali limepata mstari mpya. Kifaa cha zamani kiitwacho habu hakikuwa na jedwali: kila kilichoingia kilirudiwa kwenye kila poti, na mashine mbili zikituma kwa pamoja data iligongana.

Jaribu kuona hili kwa jicho. Taa za swichi yenye afya humemeta kila moja kwa wakati wake. Siku ukiona zote zinameta kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika, na hakuna anayepata mtandao, tafuta kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Huwa ni mtu aliyekuta ncha inaning'inia akaamua kuisaidia. Tangazo la kwa wote, yaani fremu inayotumwa kwa mashine zote, likiingia kwenye kitanzi hicho huzunguka bila mwisho, kwa sababu fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuizuia isizunguke milele. Swichi zenye itifaki ya STP hugundua kitanzi na kuifunga poti moja. Zile ndogo za mezani nyingi hazina itifaki hiyo. Dawa ni kuchomoa kebo.

Anwani ya IP na maski yake

Hapa ndipo wengi huteleza, basi twende taratibu. Anwani ya IPv4 ina biti 32, zinazoandikwa kama namba nne zenye nukta kati yake, kila moja kati ya 0 na 255. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, ambazo hazitoshi vifaa vya dunia. Ndiyo maana kuna IPv6 yenye biti 128, na ndiyo maana mitandao ya ndani hutumia anwani za faragha: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Anwani hizi hazitembei kwenye intaneti. Ruta hubadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje pakiti inapotoka, na kuirudisha jibu linapoingia.

Maski ndiyo inayoieleza kompyuta ni sehemu gani ya anwani inataja mtandao na ni ipi inataja mashine. Kwa maski ya 255.255.255.0, namba tatu za mwanzo ni mtandao. Anwani ni 256, lakini za kuwapa vifaa ni 254, kwa kuwa ya 0 ni jina la mtandao wenyewe na ya 255 ni ya kutangazia wote.

Kabla ya kutuma chochote, kompyuta hulinganisha: huyu ninayemwandikia yuko mtandao wangu? Akiwa yumo, humtafuta moja kwa moja kwa kuuliza kupitia ARP nani mwenye anwani hiyo, ili ipate MAC yake. Kama hayumo, pakiti hupewa ruta, yaani lango. Sasa tazama kosa hili. Kompyuta A ina 192.168.10.25 na maski 255.255.255.0. Kompyuta B ina 192.168.10.200, lakini aliyeipanga aliandika maski 255.255.255.128. Lango ni 192.168.10.1. A inamwona B kuwa jirani, inatuma, na pakiti inafika. B inataka kujibu, inapiga hesabu kwenye namba ya mwisho: 200 kwa binari ni 11001000, maski 128 ni 10000000, biti zinazobaki ni 10000000. Kwa A, 25 ni 00011001, na baada ya maski inabaki 00000000. Hazilingani, kwa hiyo B inaamua A yuko mtandao mwingine na inataka kupeleka jibu kwa lango. Lakini 192.168.10.1 nalo, kwa hesabu hiyohiyo, liko nje ya mtandao wa B. Jibu halina pa kwenda. Ukitazama anwani pekee utaapa kila kitu kiko sawa.

Siku hizi ni nadra kuandika anwani kwa mkono. DHCP, huduma ya kugawa anwani, huzigawa kwa ujumbe wa aina nne: kompyuta inaita, seva inapendekeza anwani, kompyuta inaiomba, seva inathibitisha. Ukiandika `ipconfig` kwenye Windows ukakuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliita na hakuna aliyeitika, ikajipa anwani yenyewe. Rudi kwenye waya au kwenye seva ya DHCP. Tatizo la kinyume ni kuwa na wagawaji wawili. Mtu akileta ruta yake ndogo na kuichomeka kwenye swichi kupitia poti yake ya LAN, nayo itaanza kugawa anwani. Baadhi ya kompyuta zitapata lango sahihi na nyingine zitaelekezwa kwenye ruta isiyo na intaneti, na hali itabadilika kila mashine inapowashwa upya. Ukiona mtandao unaochagua watu namna hii, linganisha lango la kompyuta inayopata na la ile isiyopata.

Wi-Fi hufuata mambo haya haya, ila waya umeondolewa. Ongeza moja tu: kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu kwa upangaji uliozoeleka, yaani 1, 6 na 11, na vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana kutuma. Kuweka vituo viwili karibu karibu vyote kwenye chaneli ya 6 hakuongezi kasi.

Kupima kwa utaratibu

Fungua dirisha la amri na upande ngazi kwa amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. `ping 127.0.0.1` hupima programu za mtandao ndani ya kompyuta yenyewe, haigusi kebo. Kisha ping anwani ya lango: likijibu, waya, swichi na anwani viko salama, na maski angalau inakufikisha kwenye lango. Baadaye ping anwani ya nje inayojulikana, kama 8.8.8.8. Hii ikijibu ilhali tovuti haifunguki kwa jina, mshukiwa wa kwanza ni DNS, seva inayogeuza majina kuwa anwani, ambayo husikiliza kwenye poti ya 53 (hapa poti si tundu, ni namba ya huduma ndani ya mashine). Angalizo: ping kukosa jibu si ushahidi kamili kwamba mashine imekufa, kwa sababu kuta nyingi za moto (programu au vifaa vya kuchuja mawasiliano) huzuia ping kwa makusudi.

Jina likishapata anwani, kivinjari kwa kawaida hufungua mazungumzo ya TCP na poti ya 443 ya seva kwa hatua tatu: SYN, jibu la SYN-ACK, kisha ACK. TCP huhesabu vipande na kutuma tena kilichopotea. UDP haifanyi hivyo, na ndiyo maana hupendwa kwenye simu za sauti, ambako kipande kilichochelewa hakina kazi tena.

Bado kuna kikwazo kimoja ambacho hakimo kwenye waya wala kwenye anwani. Ping zote zinajibu, DNS inajibu, lakini kila tovuti inaleta onyo la usalama. Angalia saa na tarehe. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ubao mama imekwisha hurudi miaka mingi nyuma kila ikizimwa, na kivinjari hukataa vyeti vya tovuti kwa kuona muda wake haujaanza. Badilisha betri, mara nyingi huwa ni CR2032, rekebisha tarehe, kisha fungua ukurasa upya.