Ruzuku ya mbolea: nani hasa hulipwa

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo serikali humlipia mnunuzi. Kwa mbolea hapa Kenya, sehemu hiyo haipiti mkononi mwa mkulima. Septemba 2022, gunia la kilo 50 lililokuwa likiuzwa takriban shilingi 6,500 lilianza kutolewa kwa 3,500 kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB). Mwaka 2023 likashushwa hadi 2,500. Kinachobaki hulipwa na hazina ya taifa. Basi anayengoja "pesa za ruzuku" ziingie kwenye M-Pesa atangoja sana.

Mwenye haki ya kununua kwa bei hiyo ni yule aliyeandikwa. Machifu na manaibu wao husajili jina, namba ya kitambulisho, simu, mahali shamba lilipo, ekari na mazao. Taarifa hizo huingia katika KIAMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa taarifa za wakulima, na vocha ya kununulia mbolea hutumwa kwa ujumbe wa simu. Huendi ghalani mikono mitupu: beba kitambulisho na simu iliyosajiliwa, ulipe, uchukue.

Wakaazi wengi wa Mombasa hukwamia hapo. Mtu analala Kisauni au Likoni, shamba liko Kinango kule Kwale au Ganze kule Kilifi, naye hajaonana na chifu wa kule tangu matanga ya mwisho. Wengine waliandikisha laini ya mtoto, mtoto akabadilisha namba, vocha ikaenda isikojulikana. Ekari nazo zina mtego wake: magunia hukadiriwa kwa ukubwa wa shamba, kwa hivyo aliyesema ekari moja ilhali analima tatu asishangae akipewa kidogo. Ukihamia shamba jingine au ukabadilisha laini, rudi ukarekebishiwe kabla ya msimu.

Msimu wenyewe haungoji. DAP, mbolea ya kupandia, hutiwa shimoni wakati wa kupanda, kwa sababu fosforasi iliyomo haitembei sana udongoni na ni lazima iwe karibu na mizizi. Ikikufikia mvua za masika zikiwa zimekolea na mahindi yamefika magotini, imeshachelewa. Wakati huo mmea hutaka naitrojeni, iliyomo katika mbolea za kukuzia kama CAN au urea.

Halafu kuna usafiri, na hapa ruzuku huliwa kimyakimya. Mbolea inateremshwa bandarini Kilindini, Mombasa, lakini mkulima wa bara ya Kwale bado hulipia safari ya kuifuata ghalani. Tuseme gunia la 2,500 limekula 800 za matatu na bodaboda: tayari ni 3,300. Majirani wanne wenye vocha zao wakikodi pikapu moja, hesabu hubadilika.

Bei nafuu haithibitishi ubora. Mwaka 2024 ilibainika kuwa baadhi ya magunia yaliyouzwa kupitia mpango huuhuu hayakufikia viwango, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walioathirika. Kabla ya kupakia, tazama kama mshono wa gunia umefumuliwa na kushonwa upya, na kama aina iliyoandikwa ndiyo uliyolipia. Risiti iweke, na mfuko usiutupe hadi mahindi yavunwe. Bila hivyo viwili, huna cha kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi ukienda kulalamika.