Mlipuko wa ugonjwa ukiingia Dar, hesabu ianzie mtaani

Uwanja wa Mnazi Mmoja tunaujua kwa mikutano na maadhimisho. Wachache wanajua kwa nini eneo lile, katikati ya jiji ambalo kiwanja ni dhahabu, liliachwa bila kujengwa. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa kanda: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakapangiwa Kariakoo. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba magonjwa yasivuke. Walichotengwa nacho watu wa Kariakoo kikawa zaidi huduma kuliko magonjwa.

Sheria zile zimekufa zamani, lakini jiji bado lina pande zake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na makadirio yanayotumika sana husema kama asilimia 70 ya wakazi wako kwenye makazi yasiyopangwa. Kirusi kinachoingia Masaki kwa wenye nacho ndicho hichohicho kinachoingia uswahilini, Tandale au Vingunguti. Kinachotofautiana ni nyumba kinazozikuta.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo kimoja na bafu uani. Kila chumba kina mpangaji na familia yake. Tangazo la redio linasema mwenye dalili ajitenge chumbani. Ajitenge na nani, wakati chumba hicho ndicho sebule, ndicho stoo, na watoto wanatandikiwa chini pembeni ya kitanda? Komeo la mlango wa choo linashikwa na watu zaidi ya ishirini tangu alfajiri.

Maji nayo yana hesabu yake. Tuseme chumba kina watu watano, kila mmoja ananawa mara nane kwa siku, kila mara nusu lita tu. Hizo ni lita 20, yaani dumu zima, na hapo hamjapika, hamjafua wala hamjaoga. Mwenye bomba ndani haoni tofauti kwenye bili. Anayenunua kwa dumu anaitoa fedha hiyo mkononi kila asubuhi, na maji yakiadimika bei inapanda siku hiyohiyo. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo linalotundikwa na kuchuruza maji kidogo kidogo ya kunawa, kinapunguza matumizi, na nakipendekeza kwa kila uani, lakini hakileti maji pasipo na maji. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wa uswahilini ni wabishi hawataki kunawa, huwa namuuliza kwanza kama amewahi kununua maji ya kunawa.

Halafu kuna riziki. Mama lishe, machinga, kibarua wa ujenzi, kijana wa bodaboda, wote hawa wanaishi kwa kijungu jiko. Siku asiyotoka ndiyo siku asiyokula. Amri ya kukaa nyumbani siku kumi na nne, kwa mwenye mshahara ni usumbufu. Kwa hawa ni njaa, na mtu mwenye njaa ataficha dalili zake akaende kazini. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19 (korona), daladala ziliagizwa kubeba abiria waliokaa tu, level seat. Agizo lilikuwa na mantiki ya kitabibu. Lakini magari hayakuongezwa, hivyo msongamano ulitoka ndani ya daladala ukahamia kituoni, na aliyebanwa zaidi ni anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kuwahi kibarua mjini. Mwenye gari lake hakuguswa na agizo hilo.

Kipindupindu nacho kina tabia hiyo. Mlipuko mkubwa wa 2015 ulianzia hapahapa Dar es Salaam mwezi Agosti, kisha ukasambaa mikoa mingi ya Bara. Ugonjwa huo hupita kwenye maji na vyoo, lakini kila unapoingia, mkono wa kwanza wa sheria humwangukia muuza chakula wa barabarani. Kumfungia mama lishe ni rahisi na kunaonekana. Kurekebisha choo kinachofurikia mtaroni masika yakianza ni kazi ya miaka, tena haina kamera.

Jiji lifanye nini basi? Kwanza lijue nani anaumia na wapi, kwa jina la mtaa. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na takwimu zilizosomwa kwa umma zilikuwa za mkoa. Kwa mkoa wa watu zaidi ya milioni tano, namba moja haimwambii mganga mkuu wa wilaya apeleke timu Keko au Kigogo.

Chicago, Marekani, walijifunza jambo hili mapema. Aprili 2020 walipochambua vifo vyao waliona watu weusi, ambao ni kama asilimia 30 ya wakazi, ndio waliokuwa takriban asilimia 70 ya waliokufa. Hilo lilionekana kwa sababu walikuwa wakiandika marehemu ni nani na anaishi wapi. Meya akaunda kikosi na asasi za vitongoji vilivyoumia, na chanjo zilipofika 2021 vitongoji 15 vilivyokuwa hatarini zaidi vikapelekewa kwa mpango maalumu badala ya kuachwa vigombee foleni na wenye intaneti ya kasi.

Mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni Dharavi, mtaa wa mabanda jijini Mumbai, India. Eneo lake ni kilomita za mraba mbili na ushee, na wakazi wake wanakadiriwa kufika hata milioni moja, wengi wakitumia vyoo vya pamoja. Mgonjwa wa kwanza aligundulika Aprili 2020. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakipima homa, madaktari wa zahanati binafsi za palepale wakaingizwa kazini, shule na kumbi zikageuzwa sehemu za kujitenga, vyoo vikapuliziwa dawa mara kwa mara, na waliowekwa karantini wakaletewa chakula. Hawakumwambia mtu ajitenge kwenye chumba asichokuwa nacho. Kufika Julai wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana.

Dar ina nyenzo za kufanya hivyo, ila zimetawanyika. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa yenye mafuriko, mpaka vichochoro na mitaro. Ramani ya mafuriko kwa kiasi kikubwa ndiyo ramani ya kipindupindu. Serikali za mitaa zina daftari la wakazi, ingawa tuseme ukweli, mengi yana wenye nyumba na hayana wapangaji. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anayetoka mtaa huohuo anajua kichochoro gani kina bibi mwenye sukari asiyetoka ndani, na kama mwaka mzima alikuwa akimpima presha, siku ya mlipuko atafunguliwa mlango. Wenye sukari na presha zisizotibiwa ndio UVIKO-19 iliwaumiza zaidi, hivyo kuwatafuta kabla ya mlipuko ni sehemu ya kinga.

Pia kuna duka la dawa. Mtu wa Manzese akianza kukohoa haendi hospitali, anakwenda dukani kununua dawa ya kikohozi na vidonge vya homa. Muuzaji akiona wateja wa homa wameongezeka ghafla, amejua kabla ya zahanati kujua. Manispaa zimpe namba ya kupiga na zimpigie kila wiki, bila kumtisha kwa ukaguzi kila anapotoa taarifa.

Chanjo ilitupa somo kama hilo. Ilizinduliwa Julai 28, 2021, na mwanzoni ilimtaka mtu aje kituoni, maana yake apoteze siku ya kazi. Baadaye mwaka huohuo mpango shirikishi na harakishi ukaipeleka sokoni, stendi na kwenye nyumba za ibada, na huko ndiko ilikopaswa kuanzia.

Lililobaki ni fedha. Kila halmashauri itenge mapema fungu la chakula na maji kwa kaya itakayowekwa karantini, lipitie ofisi ya mtaa, na orodha ibandikwe ukutani kila mtu aione. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tayari ina kaya hizo kwenye daftari lake, lakini kibarua anayejikimu leo akiwa mzima hamo humo. Huyo aingizwe na mjumbe anayemjua.

Kwa upande wako, kama umepanga, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uandikishwe wewe na unaoishi nao, bila kumsubiri mwenye nyumba. Ukisikia uani kwenu watu watatu wameharisha kwa siku moja, au homa imeshika chumba baada ya chumba, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa au piga 199, namba ya Wizara ya Afya, bure, mitandao yote.