Uhalali bandia: kura inapogeuzwa risiti

Aliyewahi kusimama karibu na mabroka wa tanzanite mjini Arusha anajua kwamba jiwe halinunuliwi kwa kutazamwa upande mmoja. Hushikwa kwa vidole viwili, likaelekezwa kwenye mwanga, likageuzwa. Tanzanite halisi hubadilika: upande huu bluu, ukigeuza zambarau. Kioo kilichotiwa rangi hubaki vilevile hata ukigeuze mpaka jioni. Na hakuna anayejisumbua kughushi kokoto; hughushiwa chenye thamani, na uhalali ni mmojawapo wa vitu hivyo.

Uhalali, kwenye siasa, ni hali ya watu kukubali kwamba fulani ana haki ya kuwatawala, wakiwemo ambao hawakumpa kura. Mtawala mwenye uhalali hutii­wa hata pasipo na askari. Asiye nao inabidi aweke mtu wa kulinda kila kona, na hiyo ni gharama. Zamani watawala walitaja ukoo au Mungu. Siku hizi karibu kila serikali inataja kura, hata ile isiyokusudia kuondoka. Nayo huunda tume, huchapisha karatasi, hupanga watu foleni. Haiulizi wananchi swali. Inatafuta risiti ya kuonyesha. Heshima inayopatikana kwa risiti hiyo ndiyo tunaiita uhalali bandia.

Kuna walioghushi bila aibu. Liberia mwaka 1927 ilikuwa na wapiga kura kama 15,000 walioandikishwa, lakini Rais Charles King akahesabiwa kura zaidi ya 200,000. Mwaka 2002 Saddam Hussein alitangaziwa asilimia 100 kule Iraki. Tarakimu kama hizo huchekesha, na risiti inayochekesha haina kazi.

Fundi mwenye akili hufanya kazi yake mapema. Mgombea anaenguliwa kwa kosa la kujaza fomu, mkutano unanyimwa kibali, redio inasikika sauti moja. Siku ya kura inapofika hakuna cha kuiba tena, hivyo inakuwa tulivu na ya kupendeza kwenye picha. Sisi Watanzania tuna msemo wake kabisa: kupita bila kupingwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikubwa vikasusia, na CCM, chama tawala, ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji. Ushindi mkubwa peke yake si ushahidi wa wizi. Mtu anaweza kupendwa kweli. Ila ukisikia asilimia ya mshindi, uliza kwanza nani alizuiwa kugombea.

Risiti inatumikaje? Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni Zimbabwe, 2008. Katika duru ya kwanza, matokeo rasmi yalimpa mpinzani Morgan Tsvangirai asilimia 47.9 na Rais Robert Mugabe 43.2, tena yalitangazwa baada ya zaidi ya mwezi. Ukatili dhidi ya wafuasi wa Tsvangirai ukamfanya ajitoe siku chache kabla ya marudio. Mugabe angeweza kusema basi, sina mpinzani. Hapana, upigaji kura ukafanyika tarehe 27 Juni dhidi ya mtu asiyekuwepo. Tarehe 29 akaapishwa, na siku iliyofuata alikuwa ameketi na wakuu wenzake wa Umoja wa Afrika kule Sharm el-Sheikh, Misri. Aliihitaji ile karatasi kabla ya kupanda ndege.

Umoja huo una mkono mzito kwa wanajeshi wanaopindua serikali: husimamisha uanachama wa nchi zao. Aliyevuruga uchaguzi kwa kawaida huambulia nasaha na salamu za pongezi. Waangalizi nao wengi hukaa siku chache na huona foleni zaidi ya hesabu. Kenya mwaka 2017 waangalizi wa kimataifa waliusifu uchaguzi wa rais. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta. Majaji ndio waliogeuza jiwe.

Kwetu Katiba, ibara ya 41(7), inasema rais akishatangazwa na tume, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Mwaka 2013 ilikuwa imeamua hivyohivyo kuhusu katazo la mgombea binafsi, katika kesi ya Mchungaji Mtikila na wenzake. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki huko moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mkazi wa Ngarenaro anafika kwenye geti la mahakama hiyo kwa daladala. Kesi yake ndiyo haiingii.