Mafunzo kazini: hesabu haiishii kwenye ankara ya mkufunzi

Nikiitwa kupima faida ya mafunzo, kwanza huletewa fomu za tathmini: mkufunzi alieleweka, ukumbi ulipendeza. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa tathmini ya mafunzo, alipoeleza hatua zake nne za tathmini mwaka 1959, hiyo ilikuwa ya kwanza tu. Baada yake huja walichojifunza, wanachofanya tofauti wakirudi kazini, na mwisho matokeo kwa kampuni. Pesa imo kwenye hiyo ya mwisho.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha nguo. Washonaji wa laini moja wanafundishwa siku mbili. Mkufunzi analipwa Sh80,000. Chai na chakula Sh20,000. Mhasibu anaandika laki moja na kufunga daftari. Lakini laini ilisimama siku mbili, na oda ikakamilishwa kwa ovataimu ya Sh50,000. Gharama halisi ni Sh150,000.

Sasa faida. Kabla ya mafunzo, mashati 6 kati ya 100 yalirudishwa kufumuliwa. Baadaye ni 4. Laini inashona mashati 1,000 kwa siku, kurekebisha moja ni Sh40, na mwezi una siku 25 za kazi: Sh20,000 zimeokolewa kila mwezi. Kwa hesabu ya mhasibu, miezi mitano inatosha kurudisha pesa.

Hapo mimi huuliza: laini ya jirani, ambayo haikufundishwa, imekuwaje? Ikiwa nayo imeshuka kutoka 6 hadi 5, labda kwa sababu uzi umebadilishwa, mafunzo yameokoa shati moja tu kati ya 100. Ni Sh10,000 kwa mwezi, na kwa gharama halisi pesa inarudi baada ya miezi 15. Je, washonaji hao watakuwapo bado? Viwanda vya nguo hupoteza watu haraka.

Kwa hiyo nawasihi waajiri: nafasi za mafunzo zikiwa chache, chagueni kwa bahati nasibu nani aanze. Ni haki kwa wafanyakazi, na mnapata kundi la kulinganisha bila gharama. Watafiti walifanya hivyo katika viwanda vya nguo vya Bengaluru, India, wanawake wakifundishwa mawasiliano, kupanga muda na kutatua matatizo. Faida halisi ilizidi asilimia 200 ya gharama miezi minane tu baada ya mafunzo kwisha, na hata wenzao wa laini ileile ambao hawakufundishwa waliongeza uzalishaji.

Mishahara, hata hivyo, ilipanda kidogo mno, na hilo linaniuma. Jedwali ninalowapa wateja wangu lina safu ya mfanyakazi pia: tija yake imepanda kiasi gani, na mfukoni mwake kimeongezeka nini.