Pikseli ya 300 inapogeuka 44

"Kubadili aina ya data ni kubadili chombo tu, picha inabaki ileile."

Maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu hapa ni dhana potofu kuhusu aina ya data, yaani namna kompyuta inavyohifadhi namba za picha. Hii ya kwanza ndiyo yenye madhara makubwa, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Pikseli (nukta moja ya picha) ya biti 8 hubeba namba nzima kuanzia 0 hadi 255. Ya biti 16 hufika 65535. Chukua picha ya biti 16 ndani ya NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia namba, kisha iamuru iwe ya biti 8 kwa `astype`. Amri hiyo haipunguzi namba kwa uwiano wowote. Inabakiza biti 8 za chini na kutupa zilizobaki. Pikseli yenye 255 inabaki 255, nyeupe kabisa. Jirani yake mwenye 256, aliyestahili kung'aa zaidi kidogo, anakuwa 0, mweusi tii. 300 inakuwa 44. Anga lililokuwa likififia taratibu linatoka na michirizi kama kontua za ramani, na watu huanza kuilaumu kamera bure.

Katika OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, amri ya `convertTo` hukata badala ya kuzungusha: 300 inakuwa 255, na kila kilicho juu yake vilevile. Michirizi haipo, lakini sehemu angavu zote zimekuwa bapa jeupe. Hasara hii naiona mbaya zaidi kwa sababu haijitangazi.

Kazi yenyewe ni tatu, si moja: kwanza pima namba upya (65535 gawanya kwa 257 ni 255), kadiria kwenye namba nzima iliyo karibu, ndipo ubadili aina.

"Kurudi biti 16, zidisha kwa 256."

255 × 256 ni 65280. Nyeupe yako haijafika juu. Zidisha kwa 257.

"Basi picha ya biti 8 ikiwa ya biti 16 inapata undani zaidi."

Hapana. Ngazi zake ni zilezile 256, zimeachana kwa 257 tu. Faida ipo mbele: ukiendelea kuihariri, makosa ya kukadiria hayarundikani haraka.

"Programu inajua namba zangu zinaishia wapi."

Mara nyingi haijui. Inakisia kutokana na aina ya data. Vifaa vingi hutoa biti 12, yaani 0 hadi 4095, zikahifadhiwa ndani ya biti 16. Programu ikidhani kilele ni 65535, pikseli angavu kuliko zote inaangukia 16 kati ya 255. Skrini inaonyesha giza, mtu anafuta faili akidhani limeharibika, kumbe data yote imo salama. Inauma kuona hivyo.

Picha za CT, zile za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili kwa eksirei, zina mtego wake. Kwenye kipimo chao maji ni 0 na hewa ni karibu -1000. Zilazimishe kwenye biti 16 zisizo na alama ya hasi, na -1000 inageuka 64536: hewa inang'aa kuliko mfupa.

"Desimali hazina shida."

Kwa desimali, programu nyingi hutarajia 0 hadi 1. Ukizipa 0 hadi 255 bila kugawanya, karibu kila kitu kinakuwa cheupe. Kinyume chake, ukigeuza 0.7 kuwa namba nzima kwa `astype` kabla ya kuzidisha kwa 255, unapata 0. Kwa hiyo chapisha namba ndogo na namba kubwa ya picha kabla ya kubadili, kisha baada ya kubadili. Ni mistari miwili tu ya msimbo.