Je, wajua kwa nini chanjo hutoka kiwandani lakini damu bado hutoka mkononi mwa mtu?

Hospitali ya wilaya, iwe Kondoa, Mpwapwa au Kongwa, ina majokofu mawili yasiyoruhusiwa kuwekwa soda wala chakula cha mtu. Moja ni la chanjo, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. La pili ni la damu, kati ya nyuzi 2 na 6. Joto linakaribiana, lakini asili ya vilivyomo ni mbali kama mbingu na ardhi. Chanjo imetengenezwa kiwandani kwa mamilioni ya dozi. Damu imetoka kwenye mshipa wa mtu, mililita 450 kwa mara moja, ikachanganywa na mililita 63 za dawa ya kuzuia isigande, ikapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende. Baada ya siku 35 inamwagwa. Aliyeitoa hawezi kurudi kabla ya miezi mitatu akiwa mwanamume, au minne akiwa mwanamke.

Kwa nini basi hakuna kiwanda cha damu? Si kwamba hakuna aliyejaribu. Miaka ya 1930 Mmarekani William Amberson aliondoa damu ya paka na kuwajaza mchanganyiko wa himoglobini na maji ya chumvi, na paka hao wakaishi kwa saa kadhaa. Himoglobini ni protini yenye madini ya chuma, na ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kwa hiyo wazo lilikuwa jepesi: kama mbebaji ni himoglobini, ya nini kuhangaika na chembe nzima? Pasua chembe, chuja himoglobini, mwekee mgonjwa. Tena alama za makundi ya damu, A, B na Rhesus, zimekaa kwenye utando wa nje wa chembe. Ukiuondoa utando, suala la kundi limekwisha, na zile dakika 30 hadi 45 za kuoanisha damu maabara hazipo tena.

Kasoro ya hesabu hiyo mkulima wa zabibu wa Dodoma ataiona upesi. Zabibu ya Makutupora ikiwa nzima kwenye kishada hukaa siku kadhaa bila neno. Ipasue, maji yake yakutane na hewa, hayachukui muda yamechacha. Lile ganda jembamba ambalo walaji wengine hulitema ndilo lililokuwa likifanya kazi. Chembe nyekundu nayo, yenye upana wa mikromita 7 hadi 8 tu, huitunza himoglobini yake kwa siku kama 120 kwa sababu ya utando wake.

Himoglobini ikitoka nje ya utando, balaa huanza. Molekuli yake ina vipande vinne. Ndani ya chembe imesongamana, kwa hiyo vipande hushikana. Ikimwagwa kwenye plazma, yale majimaji ya manjano ya damu, hukatika nusu kwa nusu. Nusu hizo ni ndogo kiasi cha kupenya chujio la figo, na figo huumia. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Wauguzi wa maeneo yenye malaria wanaufahamu mkojo huo: chembe zikipasuka kwa wingi katika malaria kali, ndio unaoonekana kwenye mfuko wa mkojo.

Balaa la pili lilichelewa kujulikana. Kuta za mishipa ya damu hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa ili damu ipite. Himoglobini huinasa gesi hiyo kwa nguvu kuliko inavyonasa oksijeni. Ikiwa ndani ya chembe, iko mbali kidogo na ukuta na madhara ni madogo. Ikiwa huru, inaambaa na ukuta, inajipenyeza katikati ya seli zake na kuifyonza gesi yote. Mshipa unabana, presha inapanda, moyo unakosa damu. Yaani mbebaji amefika na mzigo wake, lakini barabara ameifunga mwenyewe.

Viwanda viliona tatizo la figo kwanza, vikalitibu kwa kuziunganisha molekuli kwa kemikali kama glutaraldehidi zisikatike. Figo zikapata nafuu, mishipa haikupata. Bidhaa kadhaa zilifika hadi kwa wagonjwa. Mwaka 2008 uchambuzi wa majaribio 16, yenye wagonjwa zaidi ya 3,700, ulionyesha kwamba hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 30 kwa waliopewa himoglobini hizo, na mshtuko wa moyo uliwapata karibu mara 2.7 zaidi ya wenzao. Baada ya hapo fedha za utafiti zilipungua sana.

Moja ya bidhaa hizo ilitokana na ng'ombe, na hilo lina mantiki kuliko linavyosikika. Himoglobini ya binadamu inahitaji kemikali fulani iliyomo ndani ya chembe ili iachie oksijeni inapofika kwenye misuli. Ikiikosa, huing'ang'ania oksijeni na kurudi nayo. Ya ng'ombe hutegemea chumvi tu, na chumvi imejaa kwenye plazma. Afrika Kusini iliidhinisha bidhaa hiyo, Hemopure, mwaka 2001, kwa wagonjwa wa upasuaji wenye upungufu wa damu.

Somo hili la utando si la watafiti peke yao. Chembe zikipasukia ndani ya mfuko kabla mgonjwa hajawekewa, yale yale ya figo na mishipa yanaweza kumpata. Zinapasuka vipi? Mfuko ukigusana na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, maji yaliyo ndani ya chembe huganda na kuzipasua. Mfuko ukitumbukizwa kwenye maji moto ili damu isiwe baridi, ikivuka nyuzi 42 zinapasuka pia. Kupitisha dripu ya glukosi ya asilimia 5 kwenye mrija huo huo wa damu huzivimbisha hadi zipasuke, na dripu ya Ringer, maji yenye chumvi mbalimbali, ina kalsiamu inayoigandisha damu mrijani. Kinachoruhusiwa ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9 tu. Ndiyo maana muuguzi makini huuning'iniza mfuko uliotulia na kuutazama kwenye mwanga: majimaji ya juu yakiwa na wekundu badala ya umanjano, mfuko unarudishwa maabara. Na ukishakaa nje ya jokofu zaidi ya dakika 30 bila kutumika, haurudishwi akibani.

Basi watafiti wakarudi kwenye ganda. Thomas Chang alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alipoanza mwaka 1957 kuifungia himoglobini ndani ya utando wa kutengeneza. Leo walioifikisha mbali njia hiyo ni Wajapani. Wanachukua damu ya kuchangiwa iliyopitwa na tarehe, wanaitoa himoglobini na kuifunga kwa kaboni monoksidi, ile ile sumu ya jiko la mkaa, kwa sababu ikiwa hivyo inahimili kuchemshwa nyuzi 60 kwa saa 12, joto linaloua virusi. Kisha wanaichuja, wanaikoleza, wanaikanda pamoja na mafuta hadi ijifunge ndani ya viputo vya nanomita kama 250 (nanomita elfu moja ni mikromita moja), na kuiondoa ile kaboni monoksidi kwa mwanga na oksijeni. Ikihifadhiwa bila oksijeni, hukaa miaka miwili nje ya jokofu. Kiputo hicho ni kidogo mara 30 kuliko chembe, lakini kinaiweka himoglobini mbali na ukuta wa mshipa.

Hapa ndipo mtafiti wa damu anapokaa meza moja na mtafiti wa chanjo. Chanjo za uviko za aina ya mRNA, yaani zinazobeba maelekezo ya kuzifundisha seli kutengeneza protini ya kirusi, nazo zimefungwa kwenye viputo vya mafuta, vya nanomita kama 100, na aina zote mbili hupakwa nje kemikali iitwayo polietilini glikoli ili visigandamane. Kinachotofautiana ni nia. Chanjo inataka kinga ya mwili igutuke, ijifunze, ikumbuke. Damu ya kiwandani inataka ipite bila kuonekana. Tena kipimo ni kingine kabisa: dozi ya Pfizer ya mtu mzima ilikuwa mililita 0.3 yenye mikrogramu 30 za mRNA, wakati mtu aliyevuja damu anahitaji walau nusu lita yenye gramu 50 hivi za himoglobini, zaidi ya mara milioni moja na nusu kwa uzito. Mzio mdogo usioonekana kwenye tone la chanjo unaweza kuwa mlima kwenye nusu lita.

Na ndivyo ilivyotokea. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2022, wanaume 12 wenye afya walipewa mililita 10, 50 au 100. Baadhi yao walipata homa au upele, wakapona. Katika wanyama, viputo vya namna hii vikirudiwa baada ya siku chache hufagiliwa haraka kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mwili umeshatengeneza kingamwili dhidi ya ule mpako. Yaani mtu ametaka kuongeza damu, bila kukusudia akachanja.

Kwa maoni yetu jina ambalo viputo hivi huitwa, damu bandia, linapotosha. Viputo hivi havina chembe sahani za kugandisha damu wala chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, na nguvu yake huisha ndani ya siku moja au mbili, si 120. Mahali pake ni ndani ya gari la wagonjwa: mama anayevuja damu baada ya kujifungua kwenye kituo cha afya cha mbali, anayesafirishwa kwenda Dodoma mjini, anawekewa mfuko uliokuwa kabatini bila kuulizwa kundi, unamfikisha. Akifika, damu ya mtu bado inahitajika.

Na akifika kuna kikwazo kingine ambacho matangazo ya kampuni hayakitaji. Mashine nyingi za maabara hupima kwa kusoma rangi ya plazma. Plazma iliyojaa himoglobini ya kiwandani ni nyekundu, kwa hiyo majibu ya ini na figo yanaweza kutoka ya uongo. Fundi sanifu wa maabara atahitaji kuandikiwa kwenye fomu mgonjwa amewekewa nini na saa ngapi, na sampuli ya vipimo ichukuliwe kabla mfuko haujafunguliwa.